Bekapu ilikuwa imewashwa, programu zote zimerudi, lakini ndani ni tupu. Data zinapotelea wapi?

#1 Kihamba Mtandaoni (Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna simu ya duka hapa Mbuyuni imeanguka, kioo kimepasuka na haiwaki tena. Imenunuliwa nyingine, ikaingizwa akaunti ileile ya Google na laini ileile. Majina yamerudi yote. Programu 43 zimejipakua zenyewe, na picha za kamera zipo. Yaliyokosekana ni haya:

Programu ya daftari la madeni imefunguka kama imewekwa leo. WhatsApp imerudi mpaka mwezi wa tatu tu, na sasa tuko wa sita. Meseji za miamala za miezi miwili ya karibuni hazipo. Picha za risiti ambazo wateja walikuwa wanatuma WhatsApp, hakuna hata moja.

Swichi ya bekapu (kuhifadhi nakala ya data mtandaoni) ilikuwa imewashwa tangu simu inunuliwe. Ya zamani ilikuwa Android 11, mpya ni Android 14. Naomba anayejua aeleze kinachofanyika ndani, maana pale madeni ya watu yamelala kwenye hilo daftari.

#2 Kaloleni Fundi (Arusha)

Swichi kuwashwa maana yake ni ruhusa tu. Kila programu ina sehemu yake ya bekapu isiyozidi MB 25, na aliyeitengeneza programu anaweza kuikataa kabisa kwa mstari mmoja kwenye msimbo. Programu za benki karibu zote zinakataa kwa usalama. Daftari lenu likiwa na picha za bidhaa, MB 25 zinajaa mapema sana, kinachobaki kinakatwa. Ndiyo jibu la swali lako la kwanza.

#3 Sakina Juu

Mkuu Kaloleni, hapo kwenye "kinachobaki kinakatwa" si kweli. Programu ikivuka MB 25 hakuna kukatwa: mfumo hautumi data zake kabisa mpaka zipungue. Ndiyo maana mtu anakuta ama kila kitu ama sifuri, hakuna nusu.

Lakini mimi siamini tatizo la huyu ni ukubwa. Daftari la madeni ni majina na namba, halifiki hata MB 3.

#4 Pasua Stendi

Ngoja niulize jambo moja kabla hatujaenda mbali. Duka lina waifai?

Bekapu ya Android inajituma ikikuta mambo haya yamekutana: saa 24 zimepita tangu ya mwisho, simu imetulia haitumiki, iko kwenye chaji, na imeshika waifai. Simu nyingi za madukani zinaishi kwa bando. Mchana iko mkononi, usiku inachajiwa data imezimwa ili bando lisiishe. Kwa hiyo swichi imewashwa mwaka mzima na hakuna kilichotoka.

Kuna sehemu ya kuruhusu itumie data ya simu, iko palepale kwenye mipangilio ya hifadhi nakala, lakini wachache wanaigusa. Anayetaka kuhakikisha asiangalie swichi, aangalie tarehe. Mipangilio, Google, Hifadhi nakala: utaona ya mwisho ilikuwa lini. Ikiwa ni zaidi ya siku mbili, chomeka chaji, shika waifai, bonyeza "Hifadhi nakala sasa" na usubiri mpaka imalize.

#5 Kihamba Mtandaoni

Waifai hakuna. Bando la wiki.

#6 Pasua Stendi

Basi umeshajua.

#7 Njiro Kaskazini

Hapana Pasua, hujajibu kwa nini programu 43 zimerudi. Kama bekapu haijawahi kutoka, orodha ya programu ingetoka wapi? Maana yake ilitoka angalau mara moja, labda siku simu iliponunuliwa ikafunguliwa mahali penye waifai.

Hapo pana jambo lingine. Wakati wa kuwasha simu mpya unaletewa orodha ya bekapu za vifaa vyote vilivyowahi kutumia akaunti ile. Mtu akiwa na haraka anachagua ya juu, kumbe ni ya simu ya miaka miwili nyuma. Na bekapu ya kifaa kisichotumika kwa siku 57 inaweza kufutwa yote isipokuwa picha zilizo Google Photos. Mtu anaweka simu kabatini miezi miwili akingoja hela ya kioo, akirudi hakuna.

#8 Majengo kwa Mtei

Labda ni tofauti ya Android 11 na 14?

#9 Sakina Juu

@Majengo, hiyo inazuia upande mmoja tu. Bekapu ya Android ya juu hairudi kwenye ya chini. Kutoka 11 kwenda 14 hakuna shida.

#10 Meru Asubuhi (Usa River)

Mmeng'ang'ana na Google, WhatsApp mmeisahau, na ile ina njia yake ya peke yake. Haipiti kwenye ile bekapu ya MB 25.

WhatsApp ya Android ina bekapu mbili. Ya kwanza inakwenda kwenye Google Drive, nayo imefungwa kwa vitu viwili kwa pamoja: namba ya simu na akaunti ya Google. Kimoja kikibadilika huioni. Tangu 2024 inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure ambazo zinabeba pia barua pepe na picha. Zamani haikuhesabiwa, kwa hiyo wengi walikuwa na GB 14 za picha bila wasiwasi, kisha siku moja WhatsApp ikakosa nafasi. Inatoa tangazo dogo, mtu analifuta kwa kidole na maisha yanaendelea. "Mpaka mwezi wa tatu tu" ni dalili ya nafasi kujaa mwezi wa tatu.

Ya pili iko ndani ya simu yenyewe na inajiandika kila siku saa 8 usiku. Ukifungua kidhibiti faili, nenda hivi:

Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases

Utakuta faili moja linaitwa msgstore.db.crypt14 (au crypt15), hilo ni la leo. Chini yake yapo mengine yenye tarehe kwenye jina, mfano msgstore-2025-06-09.1.db.crypt14. Yanawekwa ya siku kama saba, ya zamani yanafutwa. WhatsApp ya biashara iko kwenye com.whatsapp.w4b, na ndani yake folda inaitwa WhatsApp Business.

Kwa hiyo, Kihamba, mazungumzo ya kuanzia mwezi wa tatu yapo. Yamo kwenye simu iliyovunjika.

#11 Njiro Kaskazini

Meru umeeleza vizuri. Ila kujaa nafasi si sababu pekee. WhatsApp nayo ina kipengele cha "waifai pekee". Duka halina waifai. Inawezekana mwezi wa tatu ndiyo mara ya mwisho simu ile ilipelekwa kwa mtu mwenye waifai. Sababu ni mbili na dalili ni ileile.

#12 Meru Asubuhi

Kweli. Tofauti utaijua ukifungua hifadhi ya akaunti: ikisoma GB 15 kati ya 15 ni yangu, ikisoma GB 6 ni yako.

#13 Himo Njiapanda

Kihamba, ZIMA bekapu ya WhatsApp kwenye hiyo simu mpya leo hii kabla ya usiku. Drive inabeba bekapu moja tu kwa namba. Simu mpya ikituma ya kwake, ile ya mwezi wa tatu inafunikwa.

#14 Meru Asubuhi

Kwa huyu haina madhara, ya mwezi wa tatu ameshairudisha, iko ndani ya simu mpya. Hatari ni kwa aliyebonyeza "ruka" akidhani atarudisha baadaye. Huyo azime mara moja, aiondoe WhatsApp, aiweke upya, athibitishe namba kisha akubali kurejesha.

#15 Mama Risiti (Moshi)

Na zile picha za risiti jamani? Hata mimi nategemea hizo.

#16 Sakina Juu

Mama, Google Photos kwa kawaida inabeba folda ya kamera tu. Picha za WhatsApp ziko kwenye folda nyingine inayoitwa WhatsApp Images, na lazima uiwashe kwa mkono: fungua Google Photos, bonyeza picha yako ya akaunti pembeni juu, mipangilio ya picha, hifadhi nakala, halafu "folda za kifaa". Hapo utaona orodha yenye swichi moja moja. Washa WhatsApp Images peke yake, acha video na stika, zitakujazia nafasi bure.

Angalizo moja kubwa. Ukifuta picha ndani ya Google Photos inafutika kwenye simu na kwenye akaunti, kote kuwili. Ukitaka kupunguza simu tu tumia "Futa ili upate nafasi", hicho kitufe kinaondoa zile tu ambazo zimeshapanda. Ukikosea, iliyokuwa imepanda inakaa kwenye tupio siku 60.

Kwa Kihamba: wateja waliozituma bado wanazo kwenye simu zao. Waombeni wakubwa wa madeni kwanza.

#17 Mama Risiti

Asante sana mwanangu, nimeiona. Ilikuwa imezimwa.

#18 Kaloleni Fundi

Nirudi kwenye simu iliyokufa, maana ndiko data ziliko. Kihamba, nani amesema bodi (sakiti kuu ya simu) imekufa? Kioo kikipasuka mara nyingi onyesho linazima na simu inabaki hai. Chomeka kwenye kompyuta usikilize kama inalia, bonyeza pawa sekunde 15 usikie kama inatetema. Ikitetema, funga kioo kizima cha majaribio bila gundi, fungua, nakili, basi.

Kama kioo kinaonyesha ila hakigusiki, waya wa OTG (wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu) na mausi ya kompyuta inatosha. Mshale unatokea, unaandika namba ya siri kwa mausi.

Kama haifanyi chochote, bodi inawekwa kwenye pawa saplai volti 4, bila kubonyeza kitu. Ikianza kula mkondo kabla ya kubonyeza pawa, kuna shoti kwenye laini ya betri, mara nyingi ni kapasita moja tu. Unaitafuta kwa joto: unapaka rojini (utomvu mkavu wa kulehemu), kapasita ambayo rojini yake inayeyuka kwanza ndiyo yenyewe. Ikitolewa simu inawaka.

Usimpe fundi anayeanza na hita juu ya prosesa. Kuanzia Android 10 data zimefungwa kwa funguo ambazo ziko ndani ya prosesa ileile. Ukiichoma prosesa, chipu ya kuhifadhia ikiwa nzima inabaki kifurushi cha herufi zisizosomeka. Kung'oa chipu na kuisoma kwenye mashine, kama ilivyofanyika zamani, haisaidii.

#19 Pasua Stendi

Nyongeza kidogo kwa Kaloleni: kufungwa kwa faili moja moja ni lazima kwa simu *zilizotoka kiwandani* na Android 10 kwenda mbele. Simu iliyotoka na 9 ikasasishwa mpaka 11 inaweza kuwa bado inatumia mfumo wa zamani wa kufunga diski nzima. Kwa kung'oa chipu matokeo ni yaleyale, huipati bila prosesa yake. Lakini baada ya simu kuwaka kuna tofauti, kwa sababu kwenye mfumo mpya simu iliyowaka bila kuingizwa namba ya siri inapokea hata simu, lakini majina hayaonekani na faili hazisomeki. Fundi asiyejua anadhani zimefutika.

#20 Kaloleni Fundi

Sahihi kabisa. Kwa hiyo namba ya siri iandikwe kwenye karatasi, nayo imfikie fundi. Simu bila namba ya siri fundi hana la kufanya, hata awe nani.

#21 Lemosho Guide

Wakuu niingize swali langu hapa. Sisi wa mlimani tunapandisha siku 7 au 8, mtandao ni wa kubahatisha, na wageni wanataka video. Bekapu ya mtandaoni haiwezekani. Tufanyeje?

#22 Himo Njiapanda

Nunua flashi ya Type-C, ile yenye vichwa viwili. Kila jioni kambini hamisha ya siku hiyo. Iwe imefomatiwa kwa mfumo wa faili wa exFAT, kwa sababu ule wa FAT32 haupokei faili moja linalozidi GB 4, na video ndefu ya 4K inafika hapo: dakika moja inakula takriban MB 350, kwa hiyo dakika 12 zinatosha kukwama.

Flashi za kawaida za USB 2.0 zinaandika MB 6 hivi kwa sekunde. GB 40 ni karibu saa mbili, na simu inanyonywa chaji muda wote huo. Ukiona inasuasua usiichomoe, utaharibu orodha ya faili. Bonyeza "ondoa" kwanza, subiri, ndipo uvute.

Na baridi ya Barafu au Kibo betri inashuka ghafla mpaka simu inajizima ikisoma asilimia 30. Weka simu na pawa benki ndani ya begi la kulalia, karibu na mwili. Kunakili faili wakati simu iko karibu kujizima ndiyo njia ya uhakika ya kuharibu faili.

#23 Sakina Juu

Tena zipimwe kabla ya kupanda. Memori kadi na flashi za "1TB" za bei ya chakula cha mchana ndani ni GB 32 au chini ya hapo, zimedanganywa namba. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, zikijaa zinaandika juu ya vilivyotangulia au zinatupa. Ukifungua picha ya kwanza unaiona nzuri, unaridhika. Fungua za mwisho na za katikati.

Kwenye kompyuta ya Windows kuna H2testw, Linux kuna F3. Zinaijaza kadi yote kisha zinaisoma tena. Kadi ya GB 64 inaweza kuchukua saa kadhaa. Ziache zimalize.

#24 Lemosho Guide

Shukrani. Kumbe ile ya kwenye gari nayo niipime.

#25 Majengo kwa Mtei

Kuhusu memori kadi, kuna simu ukiweka kadi zinauliza "itumike kama hifadhi ya ndani?" Ukikubali, kadi inafungwa kwa ufunguo wa simu hiyo. Simu ikifa, kadi ile kwenye simu nyingine inasoma kama haijafomatiwa. Watu wengi wanaenda kuifomati wenyewe wakidhani imeharibika. Kwa bekapu chagua hifadhi ya kubebeka.

#26 Ngaramtoni Mixed

Meseji za miamala hazijajibiwa. Bekapu ya Google inabeba SMS, lakini kwa ratiba ileile ya Pasua, kwa hiyo zimekomea tarehe ya mwisho ilipotoka. Kwa duka weka SMS Backup & Restore. Inatengeneza faili la XML, unaipangia kila usiku, na unaiambia iweke kwenye memori kadi au Drive. Maelfu ya meseji ni MB chache tu, hata bando halitaliona. Kwa miezi iliyopotea muombe mtandao wenu taarifa ya miamala, kumbukumbu ziko kwao, hazitegemei simu yako.

#27 Njiro Kaskazini

Wenye duka wasisahau na funguo za kuingilia. Akaunti ya Google ikiwa na uthibitishaji wa hatua mbili na laini ikaibwa pamoja na simu, bekapu zote ziko upande wa pili wa mlango. Kuna namba za akiba 10, kila moja ya tarakimu 8. Zichapwe, zikae na leseni ya biashara. Na mwenye bekapu ya WhatsApp iliyofungwa kwa neno la siri au ufunguo wa tarakimu 64, akiupoteza hakuna wa kumfungulia.

#28 Kihamba Mtandaoni

Nimerudi na majibu. Hifadhi ya akaunti inasoma GB 14.9 kati ya 15. Kwa hiyo Meru uko karibu na ukweli kwenye WhatsApp.

Lakini hifadhi nakala ya simu ya zamani inasoma tarehe 2 mwezi wa nne. Kwa hiyo ilikuwa inatoka, Pasua. Na daftari la madeni lilianza kutumika mwaka jana. Kwa nini ni tupu kabisa?

#29 Kaloleni Fundi

Imekataa bekapu. Nilisema #2.

#30 Pasua Stendi

Tarehe ile haisemi ilitoka na nini. Bonyeza jina la simu hiyo uone orodha: data za programu, SMS, rekodi za simu, kila moja ina mstari wake. Inawezekana tarehe 2 ilitoka orodha ya programu bila data.

#31 Ngaramtoni Mixed

Kabla hamjagombana, daftari lilipofunguka mara ya kwanza liliuliza namba ya simu? Programu nyingi za madeni zinahifadhi kwenye seva yao. Ukiruka hatua ya kuingia, inakufungulia daftari jipya la bila akaunti. Toka, ingia kwa namba ileile ya mwanzo, subiri ipakue. Ila msiandike deni jipya hata moja kabla ya kujaribu, maana nyingine zikiunganisha zinafuta cha upande mmoja.

#32 Kihamba Mtandaoni

Iliuliza, dada wa duka akabonyeza "baadaye". Ameshaandika madeni manne tangu jana. Mwenye namba ya mwanzo ni kaka yake, yuko Machame, laini hiyo haipatikani.

#33 Ngaramtoni Mixed

Yale manne muyanakili kwenye karatasi sasa hivi, na jina, kiasi, tarehe. Halafu mpige picha kioo. Namba ya kaka ikipatikana ndipo mjaribu.

#34 Himo Njiapanda

Laini isiyotumika muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine. Kaka akairudishe kwa alama ya kidole mapema, asingoje.

#35 Kihamba Mtandaoni

Sawa. Nimejaribu ya #18: haitetemi, kompyuta hailii. Kaloleni, naituma kwako Arusha na basi la kesho asubuhi, namba ya siri nimeiandika kwenye karatasi ndani ya boksi.

#36 Kaloleni Fundi

Nitaipokea. Karatasi usiiweke boksi moja na simu, nitumie pembeni. Na kuanzia sasa usiichomeke chaji tena hata mara moja. Kama ni shoti ya kapasita, kila ukichomeka joto linasogea kwenye prosesa.